Mkwe Aliyemnunulia Hilda Nyumba

Mimi sisengenyi watu. Lakini ukuta wetu na wa kina Sugden ulikuwa mmoja, tena mwembamba, na Mungu hakunipa masikio ya kuvalia hereni tu. Kwa hiyo ya Hilda Sugden nayajua, na asiyetaka kuyasikia aende zake salama.

Nilipofika Halifax, kaskazini mwa Uingereza, na mume wangu na masanduku yetu mawili kutoka Tanga, yeye ndiye aliyegonga mlango wa kwanza. Mkononi ana keki, mdomoni ana swali. “Wewe ndiye nesi? Nina goti.” Hata jina hakuniuliza. Nikamtazama goti, tukala keki, na tangu siku ile tukawa mashoga, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mipana ya mfumaji, maana tangu usichana alifuma mazulia kiwandani kule bondeni. Mle ndani mitambo hupiga kelele hata mtu hajisikii akipiga chafya, basi wanawake wa kule walizoea kuzungumza kwa midomo bila sauti na kusomana midomo toka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Hilda alistaafu, kipaji hakikustaafu. Tukiwa kwenye foleni ya duka la nyama alinitafsiria maneno ya watu walio ng'ambo ya barabara. “Yule anamwambia dada yake mumewe hajarudi tangu Alhamisi. Dada anasema afadhali.” Mimi nikijifanya kuona haya. Kisha namuuliza, “Eti ni nani yule?”

Na usafi! Kila Ijumaa alipiga magoti akasugua jiwe la mlangoni mpaka likawa jeupe, na mwanamke ambaye jiwe lake halijasuguliwa alihukumiwa na mtaa mzima kabla ya chakula cha mchana. Langu alilisugua mwenyewe mwaka wa kwanza, akaniambia ananifundisha. Alikuwa ananiaibisha, wala sikumlaumu.

Nyumba zote za mtaa wetu zilikuwa za halmashauri, na milango yote ilikuwa ya kijani, kijani kile kile cha halmashauri. Serikali ikaja na sheria kwamba mpangaji aliyekaa miaka mingi anaweza kuinunua nyumba yake kwa punguzo ambalo mtu akilisikia anauliza mara mbili. Mzee Wilf, mume wa Hilda, akashikwa na homa ya kumiliki. Kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa mvuke wa rangi za kiwandani, akipanda ngazi unamsikia mpaka kwetu, lakini jambo hilo alilisema bila kupumzika.

“Nimefungua mlango wa watu maisha yangu yote, Hilda. Nataka nife nimefunga wangu.”

“Utaununua kwa nini, kwa kukohoa?” akamjibu mkewe.

Fedha hawakuwa nazo. Aliyekuwa nazo ni Derek, mume wa Maureen, binti yao wa pekee. Derek aliuza makabati ya jikoni, alikuwa na gari kubwa na tumbo la kulingana nalo, na alikuwa mtu wa kusini mwa nchi, kule ambako, kwa maelezo ya Hilda, watu hawajui kupika wala kunyamaza. Kitu kimoja tu kilimnyenyekeza Derek, nacho ni pudini ya Jumapili ya mama mkwe wake, ile ya unga na mayai inayofura kwenye tanuri ndani ya mafuta ya ng'ombe, ikamiminiwa mchuzi mzito. Aliila akiwa amefumba macho.

Jumapili moja akapangusa midomo akasema, “Mama, Baba, nyumba nitawanunulia mimi. Hati itakuwa na majina yenu. Mtakaa raha mustarehe. Mkishaondoka duniani, ndipo itakuja kwetu. Basi.”

“Na nisipoondoka?” Hilda akauliza.

“Mama! Utaishi mpaka uchoke mwenyewe.”

Wilf machozi yalimtoka. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimerudisha sahani, na nakiri hata mimi nilimwona Derek mtu wa maana. Wakaagana, wakaingia garini, wakapandisha vioo. Hilda alikuwa dirishani anasuuza birika. Ghafla akaacha kusuuza. Akaanza kusema, polepole, kwa sauti isiyo na chumvi wala sukari, kama anayesoma tangazo:

“‘Tunasubiri miaka mitano ipite, tusije tukarudisha punguzo. Halafu wanakuja chumba chetu cha nyuma. Tunauza. Tunanunua kule Hispania, penye jua.’”

“Subhanallah,” nikasema. “Na Maureen amejibu nini?”

“Ametupa kisogo. Kisogo hakina midomo.” Akalifuta birika lile mpaka nikaogopa litatoboka.

Wilf hakuamini. “Umesoma kupitia kioo cha dirisha, kioo cha gari na kioo cha miwani. Mwaka jana ulisema kasisi kamtukana mpiga kinanda.”

“Alimtukana!”

Basi Jumanne Hilda akanivuta mpaka mjini kwa wakili, binti mmoja mdogo aitwaye Pamela Thwaite, mwenye miwani mikubwa na meza ndogo. Yule binti akayaeleza bila kupambapamba. Derek akikopa akaiweka nyumba rehani, na biashara ikianguka, wenye mkopo hawatauliza nani anasugua jiwe la mlangoni. Paa likivuja, halmashauri haiji tena. Wakiuza mapema, sehemu ya punguzo inarudishwa. Na mkwe ni mkwe mpaka siku atakapoacha kuwa mkwe.

“Andikianeni,” akasema. “Kwamba nyumba haiuzwi wala haiwekwi rehani maadamu mmoja wenu yu hai. Asaini kabla hajatoa hata senti.”

“Sisi familia hatuandikiani, mwanangu.”

“Najua, Bi Sugden. Ndiyo maana mimi sikosi mkate.”

Hilda akampenda papo hapo.

Ila Derek, alipoambiwa habari ya kusaini, aliweka uma chini kana kwamba amepigwa kofi. “Mama, kweli? Mimi na wewe tuandikiane kama wachuuzi wa mnadani? Huniamini?” Maureen akawa mwekundu, akamtazama mama yake, akatazama meza. Wilf ndiye aliyepasuka. Akamwambia mkewe anamtilia kitumbua mchanga, kwamba amengoja miaka yote hii na mlango ameuona, sasa unafungwa na mke wake mwenyewe. Baada ya hapo kukawa na kimya nyumbani kwao. Siku nyingi ukuta haukuniletea kitu ila kikohozi. Na mimi nilimwelewa kila mmoja, hilo ndilo lililonikera. Mzee anataka afe mwenye nyumba. Bibi hataki kufia chumba cha nyuma cha mtu.

Halmashauri ikaandika kwamba mthamini atakuja kuitazama nyumba ili apange bei. Derek akaja jioni iliyotangulia na mikakati yake.

“Mama, kesho nyumba ionekane imechoka. Chafu, ndiyo. Usifagie. Pazia zile za maua, toa. Hili doa la unyevu usilifunike. Jinsi itakavyochukiza ndivyo itakavyokuwa rahisi, umenielewa?”

“Nimekuelewa, mwanangu.”

Alivyosema “mwanangu” kwa utamu ule, ningekuwa Derek ningelala macho wazi. Lakini Derek alilala kwake, Maureen akiwa ameachwa kwa wazazi wake amsaidie mama yake kuchafua, na alfajiri mimi nikaamshwa na sauti ya brashi juu ya jiwe. Nikachungulia. Mtumee! Mama na binti, wote wawili, wamepiga magoti.

Derek alipofika pamoja na mthamini, vioo vya madirisha viling'aa, doa la ukutani limekaushwa na kusuguliwa, pazia za maua zimepigwa pasi, maua ya kweli mezani, na nyumba nzima inanukia keki ya tangawizi. Hilda alivaa vazi la kanisani. Mthamini alikuwa mzee mpole mwenye koti lililolowa.

“Karibu, bwana, karibu ndani. Vua koti nikukaushie.”

“Mheshimiwa asisahau unyevu,” Derek akasema haraka. “Pale, karibu na dirisha. Ni mbaya sana.”

“Unyevu?” Hilda akageuka kama aliyetukanwa mama yake. “Ndani ya nyumba yangu? Bwana, pitisha kiganja. Pitisha! Umeona unyevu?”

“Ni pakavu kabisa, bibi.”

“Mkwe wangu macho yake hayaoni vizuri tangu aanze kuuza makabati.”

“Na ngazi zinalia,” akasema Derek, jasho linamtoka.

“Zinalia ukizikanyaga wewe. Bwana, ongeza keki.”

Wilf alikaa kwenye kiti chake anamwangalia mkewe kwa hasira, na bado mthamini alipoisifu bustani, mzee alishindwa kujizuia akamwonyesha vitunguu vyake. Bei ilipokuja, nasikia Derek alikaa ndani ya gari lake muda mrefu bila kuliwasha.

Sasa sikiliza ujanja ulipo. Bei ikikuzidi, sheria inakuruhusu kuomba ithaminiwe upya na ofisi nyingine. Lakini anayeruhusiwa kuomba ni mpangaji. Derek hakuwa mpangaji. Mpangaji, jina la pekee kwenye mkataba, alikuwa Hilda.

“Nitaomba,” akamwambia Derek mezani Jumapili iliyofuata. “Na safari hii sitagusa fagio. Ila kwanza utasaini kwa yule binti wa miwani.”

“Mama, huu ni ulaghai.”

“Ndiyo. Na chumba cha nyuma kina dirisha, au utanitobolea?”

Derek akamgeukia Maureen. Maureen akasema, “Usinitazame mimi, sijasema neno. Amekuona mdomo. Nilikwambia siku ile ile garini, ukimtoa mama mle ndani na mimi natoka kwako.” Hilda akainuka akaenda jikoni, akidai anatazama tanuri. Alikaa huko kitambo, na aliporudi Maureen alipewa pudini ya kwanza, ya Derek ikawa ya mwisho.

Akasaini. Lakini Derek naye ni mfanyabiashara, akaweka sharti lake: fedha ni zake, kwa hiyo wazee wakifa wote, nyumba inakwenda kwa Derek, jina lake peke yake. Yeye akitangulia kufa ndipo iende kwa Maureen. Pamela Thwaite akavua miwani akauliza, “Maureen umeridhika na hili?” Maureen akacheka. “Si mamoja tu? Chake changu.” Wilf akasema wamalize, kifua kinambana. Hilda alikuwa amepata alichokitaka, akapokea kalamu.

Mthamini wa pili alichelewa wiki kadhaa, na kwa wiki zote hizo Hilda hakusugua jiwe lake. Ninyi hamwezi kujua hilo lilimgharimu nini. Wanawake wa mtaani walipita polepole makusudi. Mmoja akamuuliza kama anaumwa, kwa ile huruma yenye meno. Siku ya mthamini mwenyewe alikuja kukaa jikoni kwangu, kaupa mgongo ukuta, kafumba macho, huku Wilf akimkaribisha mgeni kwenye majivu na vyombo vichafu. “Kaingia sebuleni,” akawa ananong'ona. “Sasa anaona kochi. Ee Mungu wangu, anaona chini ya kochi.” Nikamwambia anafanya jambo kubwa kwa ajili ya mumewe. Akaniambia ninyamaze, nisije nikamliza.

Bei ikashuka, nyumba ikanunuliwa. Wilf akapaka mlango rangi ya zambarau. Alipaka kwa mkono wake, mstari mmoja, pumzi tano, mstari mmoja, na tulimwacha, hata mume wangu aliyetaka kumsaidia nilimvuta shati. Mlango ukawa unatisha. Mzee alikuwa akitoka nje bila sababu ili apate kurudi ndani akaufunga. Mfereji wa paa ulipoziba akapigia simu halmashauri kama alivyozoea. Msichana akamuuliza, “Mwenye nyumba ni nani?” Wilf akatunisha kifua. “Mimi!” “Basi, bwana, mpigie huyo.” Alicheka mpaka tukadhani anakata roho. Roho aliikata majira ya baridi ya pili, kitandani mwake, na mlango aliufunga yeye jana yake.

Miaka ikapita, na Derek akampata mwanamke wa kuchagulia wateja vigae, akamwacha Maureen. Maureen akaja kwa mama yake na sanduku moja, umri umeshakwenda, kazi ya saa chache kwenye maktaba. Hilda akamfungulia, akamketisha, akaweka chai. Halafu akaja kwangu, na sijawahi kumwona mweupe namna ile.

“Zuhura, ile karatasi inanilinda mimi. Nikifa, Derek yuko ndani na mwanangu yuko nje. Nilikaa pale nikajipigania mimi, mwanangu nikamsahau. Mjinga mimi! Mjinga!” Akajipiga paji la uso.

Nikamshika mikono.

Akavuta kamasi, akakaa sawa. “Basi mimi sifi.”

“Bi Hilda...”

“Sina ruhusa. Sifi.”

Na hakufa, jamani. Aliacha sigara. Alipanda kile kilima chetu kila asubuhi kwa fimbo. Chanjo ikitajwa tu, yeye ameshafika, mkono wa nguo kaupandisha. Na Derek, ambaye hana haya, alianza kuja Jumapili. Kisa ni kumjulia hali mama, kumbe anapima rangi ya uso wake, na tena yule wa vigae alikuwa akimlisha majani. Maureen alikuwa akipanda juu kwa kishindo. “Unampikia mwanamume aliyenitupa?”

“Nampikia, ndiyo.”

Nikaona pudini zinazidi ukubwa. Mafuta ya ng'ombe yalikuwa kijiko, yakawa kikombe. Viazi vya kukaanga, krimu, keki ya siagi ya kubebea nyumbani. Derek akawa anapumua kama Wilf.

“Bi Hilda,” nikamwambia, “mimi ni nesi. Unajua unachokifanya?”

“Mkwe wangu ana njaa.”

“Unataka atangulie yeye.”

“Mimi? Mimi mtu wa kanisa?” Akageukia tanuri. “Mpe chumvi hiyo, yuko mbali nayo.”

Moyo wa Derek ulimwangusha mwezi wa Novemba, ukamleta kwenye wadi yangu. Hakufa. Mwanamke wa vigae hakutokea, alikuwa ameshaondoka siku nyingi na Derek hakutuambia. Aliyekuja ni Hilda, mzee wa miaka tisini, kwa basi, mikono mitupu. Nilikuwa nabadilisha dripu, na sikutoka.

“Mama,” Derek akasema, “daktari anasema ni mafuta.”

“Najua. Nilikuwa nayaweka mimi.”

Derek akamtazama. Nikadhani atapiga kelele. Badala yake akaanza kucheka, akacheka mpaka mashine ikalalamika nikalazimika kumshika bega. “Kwa ajili ya Maureen?”

“Kwa ajili ya Maureen.”

“Si ungeniomba tu.”

“Ungekubali?”

Akafikiri. “Nisingekubali.” Kisha akasema bila kumtazama, “Nilijua lakini. Si mpumbavu, Mama, kile kilikuwa kikombe kizima. Nilikuwa nakuja kwa sababu hakuna mwingine anayenipikia.”

Hilda akamvutia blanketi, akalikunja vizuri kifuani pake kama mtoto. Wiki iliyofuata Pamela Thwaite, sasa mwenye mvi, alikuja wadini na karatasi, na Derek akasaini nyumba iende kwa Maureen, bila kubishana. Kwenye korido ya hospitali ndiko Hilda alikolia. “Nilitaka kumuua, Zuhura. Si mzaha, nilitaka kweli. Na yeye akila na kuniambia ahsante.”

Alikufa mwezi wa Machi, mchana kweupe, amelala na viatu. Hakuumwa hata siku moja. Maureen alipiga ukuta nikaenda mbio, lakini hapakuwa na kazi ya nesi pale.

Siku ya mazishi Derek alikuja amekonda, akasimama nje ya mlango wa zambarau na sahani ya pudini aliyojaribu mwenyewe, imesinyaa, imeungua ukingoni. Hakuthubutu kuingia. Maureen akaitazama pudini, akamtazama yeye.

“Mama angeitupa hiyo,” akasema.

“Najua.”

“Haya pita. Futa miguu, hii ni nyumba yangu.”